Barua Niliyomnyima Mama Tluway

Ndugu mhariri, nakushukuru kwa kuwa huwa unaficha majina ya wanaokuandikia. Bila hivyo nisingethubutu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha sita, na ni mpiga chapa katika ofisi ya hoteli moja ya watalii huku juu Ngorongoro. Mwezi ujao ukiisha nahamia Arusha kwenye kazi bora kuliko hii. Nyumbani wanafurahi, mama ameshalitangazia kanisa zima. Mimi nimeshindwa kufurahi nao.

Nilipofika hapa miaka mitatu iliyopita sikuwa na hata sweta. Ukungu wa huku unaingia mpaka ndani ya sanduku la nguo. Aliyenipokea ni mama mmoja Mwiraqw wa Karatu, msimamizi wa chumba cha kufulia. Nitamwita Mama Tluway, ingawa si jina lake. Alinivika koti lake la kazi akaniambia, "Binti, baridi ya huku haina adabu. Usiisubiri ikupige hodi." Tangu siku hiyo chai yangu ya saa nne niliinywea kwake, kando ya pasi za mkaa. Sabuni ilipoadimika nchini, yeye alichuja maji ya majivu akafulia hayo, na mashuka yakatoka meupe vilevile. Kile kidogo kilichopatikana alikigawa mwenyewe kwa kisu, na sikuwahi kusikia kipande kimepotea.

Tangu mpaka wa Kenya ulipofungwa wageni wamepungua sana. Mwaka huu wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwamo. Akaomba kazi ya kufua katika hospitali moja ya misheni. Sista anayesimamia hapo alimwandikia meneja wetu kuuliza ni mfanyakazi wa namna gani.

Hoteli yetu ina sheria: hakuna ruhusa ya kumsifu wala kumlaumu mtu aliyeondoka. Meneja anasema tukimsifu mtu halafu akaharibu huko aendako, lawama zitarudi kwetu. Kwa hiyo alinisomea barua nami nikaipiga: jina, kazi, mwaka alioanza, mwaka aliomaliza. Nilisubiri aendelee. Akasema, "Umeshamaliza. Lete nisaini."

Sista aliisoma mbele ya Mama Tluway akamuuliza, "Miaka tisa, na hawakuwa na neno hata moja la kukusemea?" Habari zikafika kijijini kabla yeye hajafika. Kwa shida hii ya sabuni, mfuaji aliyepewa barua fupi watu wanamfikiriaje? Walisema hotelini alikuwa anabeba sabuni kwa siri. Hata hivyo sista hakumfungia mlango. Alisema atamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi ujao, ili mradi mtu aliyefanya naye kazi amwandikie kwa jina lake na cheo chake.

Mama Tluway akapanda lori la mboga la hoteli, akaja kwangu. Alisimama mlangoni mwa ofisi, hakukubali kiti. "Binti, andika ulichokiona tu," alisema. "Usiniongezee." Nikamjibu kwamba sheria hairuhusu, kwamba nitafukuzwa. Niliongea kama vile sheria hiyo niliitunga mimi. Hakubishana. Alisema basi nisipoteze kazi kwa ajili yake, akaniuliza kama kile kikohozi changu kilipona, akarudi kwenye lori.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana haya sijamwambia mtu. Siku hiyo alipokuwa amesimama pale, barua ya kunisifu mimi ilikuwa imeshafika Arusha.

Meneja anasaini barua kila Ijumaa akiwa amesimama, Land Rover inanguruma nje ikisubiri kupeleka posta. Mimi ndiye ninayemfunulia jalada na kumwonyesha pa kuweka kalamu. Hasomi. Nilipoona tangazo la ile kazi, nilijipigia barua kwenye karatasi ya hoteli: mwaminifu, ana bidii, anatunza siri. Nikaipachika kati ya oda ya viazi na barua ya dizeli ya jenereta. Akasaini. Nakala sikuweka kwenye faili, na karatasi ya kaboni niliichoma kwenye mkaa wa pasi, humo humo katika chumba cha kufulia, Mama Tluway akiwa ameshaondoka kazini.

Kinachonitafuna ni kwamba Ijumaa ile ningeweza kupachika barua mbili. Wazo hilo halikunijia. Na ya kwake isingekuwa na neno la uongo.

Juzi dereva wa lori aliniletea kifurushi. Ni sabuni aliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu, ya kuanzia maisha Arusha. Aliifunga kwa ile barua fupi aliyorudishiwa na sista, nadhani kwa sababu haina kazi tena. Pale chini kuna herufi za jina langu, kama tunavyofanya sisi wapiga chapa.

Nikimwandikia kwa jina langu, sista atauliza hotelini. Meneja atataka kujua ni nani anayetoa barua, na yangu itafichuka. Nitakosa huku na Arusha. Nikipachika ya kwake Ijumaa, atapata kazi yake halali kwa hila yangu, naye alinikataza hata kumwongezea neno. Najiambia nitamwandikia nikishafika Arusha, lakini nafasi itakuwa imeshakwenda, na ninajua hivyo ninapojiambia.

Ndugu wasomaji, sitafuti wa kunihurumia. Zimebaki Ijumaa chache. Karatasi ipo kwenye mashine, nimeshapiga jina lake na miaka yake tisa, na safari hii nimeandika pia habari za majivu, na kisu, na mashuka. Nipeni shauri ambalo mngempa binti yenu: pale chini niweke saini ya nani?