Kiti Alichopewa Pepo

Mama Hidaya alisuka viti vya nusu ya mji wa Kalemie, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Mimi jirani yake nilimpenda hivyohivyo.

Mama mkwe wake alikuwa kiti cha pepo. Katika familia zetu za Waislamu wa ziwani, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti chake. Pepo wa kwao alikuwa mgeni, alivuka ziwa pamoja na misafara ya mababu. Bibi huyo alipofariki, pepo akabaki bila pa kukaa. Salama, binti pekee wa Hidaya, akaanza kusema kwa sauti ya kizee na kukataa chakula.

Mganga akaitwa. "Iko natafuta kiti," akasema. "Mumupe kiti, ataacha mutoto."

Alimaanisha mtu mwingine. Hidaya alijua vizuri, lakini akajitia hamnazo: "Kiti? Viti si niko navyo!"

Nilicheka, mpaka nikaona macho yake. Alikuwa anaogopa.

Akaweka kigoda barazani, akafukiza ubani, akamkaribisha mgeni. Salama akazidi kukonda. Akaweka kiti kizuri cha mninga, wapi!

Ndipo akaja Banza, aliyepewa nyumba ya mhandisi wa Kizungu mwaka ule serikali ilipogawa mali za wageni. Alibeba kiti kilichotoboka kikalio.

"Mama, hiki kinatoka Denmark," akajigamba. "Fundi wao aliangalia viti vya zamani vya Wachina, njo akatengeneza hiki."

Mgongo na mikono yake vilikuwa ubao mmoja uliopinda, kama mtu anayekumbatia. Sikukipenda.

Hidaya akakisuka kwa kamba ya nyavu, akaikaza kweli kweli. Jioni akafukiza ubani, akasema: "Weye mugeni, na hiki mugeni. Ikala."

Kamba zikalia. Nilikuwepo! Hakuna aliyekikalia, lakini zilibonyea polepole, kisha zikatulia. Ndani, Salama akaomba ugali na dagaa kwa sauti yake mwenyewe. Nililia kwa furaha huku nywele zimenisimama.

Banza alipokuja kukichukua, akashika mkono wa kiti na kuukuta una joto la mwili. "Bakia nacho, Mama," akasema. Hakupita tena mtaa wetu.

Miaka imepita. Yule mgeni ni mzito. Kila kiangazi kamba hulegea, na zikianza kukatika Salama huweweseka kwa sauti ileile, mpaka kiti kisukwe upya. Vidole vya Hidaya sasa havifungi hata kitenge. Juzi nilimkuta anamfundisha Salama kusuka, naye Salama ana mtoto mgongoni.

"Na siku mikono yangu itachoka, Mama?" Salama akauliza.

Hidaya akamtazama mjukuu wake aliyelala. "Utamufundisha huyu."

Salama akaivuta kamba kwa nguvu zake zote.