Kumeza Mbele ya Bibi

Meno yangu ya mbele hayakutani. Ya nyuma yakifunga, mbele linabaki pengo, na chapati naikata kwa meno ya pembeni. Daktari wa meno mjini Bukoba alinishikisha kioo, akaniambia nimeze mate.

"Umeona? Ulimi unasukuma mbele. Mtu humeza mchana kutwa, hata usingizini. Meno yatavumilia mpaka lini?"

Nikamuuliza anajuaje kama ulimi ndio uliofungua pengo. Labda taya lilikua hivyo, na ulimi ukaenda tu kuziba pengo ili chakula kisitoke.

"Hilo hata sisi tunabishania," akasema. "Lakini nikiyavuta meno na ulimi haujatulia, yatarudi yalipokuwa. Kwanza jifunze kumeza."

Nikajifunza chumbani kwangu Kibeta. Ncha ya ulimi juu, nyuma kidogo ya meno. Meno ya nyuma yakutane. Midomo ilegee. Meza. Kazi sikuwa nimepata, na marafiki wa chuo walikuwa Dar na Mwanza. Kwa wiki nyingi uso pekee niliokula nao ulikuwa wangu, kwenye kioo cha ukutani. Kilichonitisha ni kwamba nilianza kuzoea.

Jumapili moja nikaenda Izigo kwa bibi aliyenilea. Ni yeye tu aliyebaki wa kula naye pamoja. Alimwaga ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, tukakaa chini, yeye, shangazi aliyekuwa amekuja kumsalimia, na mimi. Nikachukua kipande kidogo, nikatafuna, nikaacha kuongea, nikapandisha ulimi, nikameza. Kisha kingine.

Shangazi akaangua kicheko. "Mtazameni! Kama kuku anayekunywa maji."

"Ni mazoezi ya daktari, shangazi."

"Ya kumeza? Sasa chuo kikuu walikufundisha nini?"

Bibi hakucheka. Alikuwa akilitazama koo langu.

"Waitu, mjukuu wangu, chumvi imezidi?"

"Hapana, bibi."

"Basi hazijaiva."

"Zimeiva vizuri."

Akaurudisha mkono wake mapajani. "Siku hizi unakula kama mgeni aliyeletewa asichokitaka."

Nikafungua mdomo, nikamwonyesha pengo, nikaeleza habari za ulimi.

"Pengo hilo nalijua," akasema. "Ulilitumia kunitemea uji."

Lakini mkono wake ulibaki mapajani, na ndizi zilikuwa zinapoa. Nikachukua kipande kikubwa, nikakipitisha kwenye maharage, nikameza kama zamani, ulimi ukigonga meno, huku nikimjibu shangazi. Kisha kingine. Bibi akasogeza ndizi upande wangu, akaanza kula tena.

Jioni, Kibeta, nilipasha moto ndizi alizonifungia bibi, nikakaa mbele ya kioo. Ncha ya ulimi juu. Meno ya nyuma yakutane. Nilimeza vizuri kabisa, na hakuna aliyeniuliza kama chumvi imezidi.