Kutu ya Kanisa la Ukingoni

Mtu aliyekuita kupe mbele ya mkutano wa hadhara, kisha akatuma salamu kukuita chemba, mwendee. Lakini mwendee ukiwa umeshika mfuko wako.

Mwenyekiti wa kijiji kile aliniita kupe mchana kweupe, nikiwa nimesimama karibu na vibiriti vyangu na chumvi yangu. Alisema wafanyabiashara wa Sumbawanga mjini tunanyonya jasho la mkulima, na aliposema "wafanyabiashara" aliniangalia mimi, maana nilikuwa peke yangu. Wiki haijaisha, salamu zikafika dukani: njoo, kuna mabati.

Miaka ile bati zuri ulilisikia kwa jirani tu. Nikadandia lori.

Akanipokea kwa kiti chenye mgongo. Kiti chenye mgongo, kwa kupe! Nikakikagua miguu yote kabla ya kukaa.

"Ndugu," akaanza, "kuna kanisa kule ukingoni. Watu wote tumewahamishia hapa barabarani, kijiji cha ujamaa. Kanisa limebaki na nyani. Mabati yake ni mali ya umma."

"Mbona ghala la kijiji limeezekwa nyasi?"

"Ghala litapata yake."

"Lini?"

"Ndugu, umekuja kununua au kunihoji?"

Nyuma yake palikuwa na nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, haina paa. Akaona macho yangu yalikokwenda, akashusha sauti. Mpango ulikuwa huu: mimi nichukue mabati yote, niyapeleke mjini, kisha machache nimuuzie yeye dukani, hadharani, kama mteja mwingine yeyote.

"Na wa kupanda juu kung'oa misumari?"

"Njoo na watu wako. Hapa hatapanda mtu. Wote wamebatizwa mle."

"Na wewe?"

Akakohoa. "Na mimi."

Hapo nikaelewa kwa nini hakuitwa mfanyabiashara Mkristo kutoka Mbeya, na wako tele pale mjini. Kanisa likibaki bila paa, kesho yake Ufipa nzima ingesema Mwislamu wa dukani kalibandua. Yeye angelala chini ya bati, mimi ningelala na lawama. Hata hivyo nikasema nitazame mali kwanza. Kutazama hakulipiwi.

Tukatembea hadi ardhi ya Ufipa inapokwisha. Haiteremki, inakwisha tu. Kanisa limekaa pale mwishoni kama mtu aliyeahirisha kuruka. Ukuta wa nyuma, ule wa madhabahu, umeachana na bonde kwa upana wa kitanda cha kamba. Chini kabisa ni njia ya Mtowisa na joto lake. Wazee walilijenga pale ili anayepanda kutoka bondeni na mzigo wa mpunga alione na asikate tamaa. Mimi nisingejenga hata banda la kuku.

Mwenyekiti alibaki njiani, mbali. Alisema ana kizunguzungu. Sikumwamini.

Katekista, aliyebaki kulilinda kanisa, alinifungulia mlango. Mzee mwembamba, koti kubwa kuliko yeye. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliyaangalia mabati.

"Yamekwisha, mwanangu," alisema. "Kutu. Jionee."

Kweli, kutoka chini paa lilikuwa jekundu lote. Lakini mtu akikuonyesha ubovu wa mali yake kabla hujauliza, kuna kitu. Ndani nikatazama juu: hapakuwa na tundu hata moja la kupitisha jua. Nikatazama sakafuni: hakuna alama ya tone la mvua. Kutu gani hii isiyotoboa?

"Naomba ngazi, mzee."

Alisita. Kisha akaileta, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyuma, upande wa bonde. Nikamuuliza kwa nini upande huo. Akasema upande wa mbele kuna nyuki. Nyuki sikuwaona.

Nikapanda. Nikapitisha kidole gumba juu ya bati, kutu ikatoka kama unga. Nikanusa. Nikaramba kidogo. Udongo mwekundu, uliokorogwa kwa uji wa ulezi, umepakwa kwa mkono kama wanawake wa Kifipa wanavyosiriba nyumba. Chini yake bati liling'aa, mpaka nikauona uso wangu, na haukuwa uso wa mtu mwenye raha.

"Umeona nini, mwanangu?" mzee akauliza kutoka chini.

Nyuma yangu lilikuwa bonde la Rukwa.

"Mzee, ngazi umeishika vizuri?"

"Nimeishika. Umeona nini?"

"Endelea kuishika. Nimeona kutu."

Nikashuka. Mzee alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili. Paa lile likiondoka, mvua moja tu ingeuangusha ukuta wa matope, na madhabahu yangekwenda Mtowisa bila nauli.

"Mungu akulipe," akanong'ona.

"Mvua itakuumbua."

"Mvua nayo ni ya Mungu."

Njiani mwenyekiti akaniuliza, "Vipi?"

"Kutu tupu, Ndugu Mwenyekiti. Nikigusa na nyundo litakuwa chujio."

Akalitazama paa, akaitazama ngazi, akamtazama mzee aliyeishika. Sikumwona akiinua mguu kwenda kuhakikisha. "Basi," akasema.

Masika yale nilipita tena kijijini, nikifuata mchele wa bondeni. Mvua ilikuwa imeliosha kanisa. Kutoka barabarani lilimeremeta kule ukingoni hadi macho yanauma. Nikamuuliza mama mmoja mwenye mzigo kichwani lile ni jengo gani linalong'aa vile.

"Lile? Mbona ni bati la kutu, baba," akasema, wala hakucheka.

Ndipo nilipopiga hesabu. Mvua hunyesha kila mwaka, na mwenyekiti ana macho. Bila shaka ndivyo alivyojua mabati ni mazima. Kwa nini basi alikubali haraka vile kuwa ni kutu?

Nikamkuta mlangoni pa nyumba yake ya matofali, sasa imeezekwa nyasi. Akaonyesha ukingoni kwa kidevu.

"Bado lina kutu?"

"Bado, Ndugu Mwenyekiti."

"Nilidhani."

Mkewe alikuwa uani, anakoroga chungu kikubwa cha uji wa ulezi. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu.

"Karibu uji, baba," akaniambia.

Nikamshukuru, nikasema nimeshiba. Sikuwa na hakika kama ule ni uji wa kunywa au wa kupaka.