Ng'ombe wa Mama Mapacha

Mimi sikusoma. Shule niliiacha darasa la nne, na sijaona ilichonipunguzia. Nenda Kitahana leo, uliza nani alileta mashine ya kusaga ya kwanza upande ule wa bonde, watakuonyesha nyumba yangu kabla hujamaliza swali. Nilianza na baiskeli, nikibeba maharage kutoka Busunzu, kifua kikiwaka kila mlima, mpaka nikapata lori. Bovu, lakini langu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hayo hutaelewa jinsi mimi na jirani yangu tulivyochoshana.

Katika kupanda kwangu kote, ni mtu mmoja tu aliyewahi kunipa kitu, naye ndiye huyo jirani. Alitoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Wazazi wake wakafyeka pori, wakapanda migomba, naye akakua, akapata uraia, akawa mzee wa kanisa. Nikiwa bado mtu wa baiskeli alinigabira mtamba.

Kwetu Waha, na kwao Warundi vilevile, kumgabira mtu ng'ombe si kumpa mali tu. Ni kufunga kamba ya urafiki. Unapokea, unapiga makofi, unamtunza mnyama. Miaka inapita. Akishazaa na kuzaa tena, unachagua mtamba mzuri, unampelekea aliyekupa, na pombe ya ndizi juu yake, watu wanakuja kushuhudia. Huharakishi. Anayeharakisha ni kama anaikata ile kamba.

Mimi niliharakisha. Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi zilipofunguliwa huku kwetu, kila mwenye miguu akafanya biashara, na mimi nilikuwa na zaidi ya miguu. Nikaenda mnadani Kasulu, nikarudi na mitamba wawili wanene, nikawapitisha katikati ya kijiji mchana kweupe mpaka uani kwake.

"Mugenzi wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, rafiki yangu, "yule niliyekupa hata hajazaa."

"Kwangu mambo hayasubiri," nikamjibu.

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, lakini kwa meno tu.

Basi ikawa ndiyo mwanzo. Baada ya mavuno akaniletea dume ambalo hata wachinjaji wa Kibondo mjini walikuwa wamelitamani. Nami nikapeleka lori langu kwenye harusi ya mwanawe bila kuombwa, limejaa ndizi na mchele. Mama yangu alipofariki, mitungi ya pombe ya jirani ilipangwa mpaka ya kwangu mwenyewe ikafichika nyuma. Mtu unalia msibani, na moyoni unahesabu mitungi. Walevi kilabuni ndio walioona raha. Nikipita wananiita, "Tajiri! Leo zamu ya nani?" Nami nilikuwa nacheka, nawanunulia.

Mimi nilikuwa na mashine na lori. Yeye alikuwa na jembe. Akauza shamba la bondeni, lile lenye maji mwaka mzima. Zizini kwake akabaki na ng'ombe mmoja wa kahawia, anayenyonyesha. Na mwaka huohuo mkewe akajifungua mapacha. Maziwa ya mama hayakuwatosha. Kijiji kizima kilijua: watoto wale wanaishi kwa ng'ombe yule.

Nikamuoza binti yangu. Karamu ile sikufanya ndogo, sijui kufanya ndogo. Katikati ya ngoma watu wakaanza kupisha njia. Nikamwona jirani anakuja katika koti la kanisani, kamba mkononi, na nyuma yake yule wa kahawia na ndama wake.

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Baba watoto, usipokee. Watoto wa mwenzio watakunywa nini?"

"Nisipopokea nimemtukana mbele ya watu."

"Ukipokea je?"

Watu walikuwa wananitazama. Jirani akanipa kamba. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyemaliza kupanda mlima. "Nimekugabira," akasema kwa sauti, ili wa mbali wasikie. Nikapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, lakini havikufika mbali.

Jioni ile mke wangu alimpelekea mama mapacha kibuyu cha maziwa. Kikarudi kimejaa vilevile, na ujumbe wa jirani juu yake: "Mwambie mumeo, zawadi hairudi kwa mlango wa nyuma." Kesho yake hivyohivyo. Watoto wakawa wanapewa uji mwembamba. Tukasikia mmoja amepelekwa zahanati, anaharisha. Nikawaza kwenda tena Kasulu kumnunulia ng'ombe mwingine. Kumrudishia yuleyule haiwezekani, hiyo ni dharau kuliko zote.

"Ukimpelekea mwingine," mke wangu akasema, "atauza nyumba ili akujibu. Kaa chini, mume wangu. Mmetuchosha."

Nikakaa. Mtu mwenye lori na mashine, nimekaa kwenye kigoda, sina la kufanya kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Jumapili moja, watu wanatoka kanisani, mama mapacha akaiacha njia ya kwao akashika ya kwangu. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine kampakata. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akampa mke wangu yule wa kupakata, akaingia zizini na kibuyu chake, akachuchumaa chini ya ng'ombe.

Hapo nieleze. Kwetu mwanamke hakamui. Anasafisha vibuyu, anachunda maziwa yatoe siagi, lakini kumshika ng'ombe chuchu ni kazi ya mwanamume, tangu mababu. Yule mama hakuwahi kujaribu, na ng'ombe akajua. Akapiga teke, maziwa kidogo yaliyopatikana yakamwagika kwenye kinyesi. Barabarani watu walikuwa wamesimama na Biblia zao.

"Shemeji, ondoka hapo," nikamwambia. "Ni aibu."

"Ya nani?" Hakugeuka. "Nyinyi endeleeni kupeana. Mimi nakamua."

Akarudia kushika. Aliondoka na maziwa yanayoweza kujaza kiganja, gauni la kanisani limechafuka mpaka magotini. Alimchukua mtoto wake kwa mke wangu, akapita katikati ya wale watu kuelekea kwao.

Asubuhi iliyofuata alikuja mumewe. Ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka kwenye migomba. Kibuyu kilikuwa mkononi mwake, amekishika kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

"Mwakeye," akanisalimu, salamu yetu ya asubuhi.

"Mwakeye."

"Sikuja kumchukua. Ng'ombe ni wako."

"Wangu wapi? Huyu ni wa wale watoto."

"Nilikugabira mbele ya watu. Ni wako."

"Mimi nakwambia—"

"Usianze." Akafumba macho. "Tafadhali, usianze tena. Nimechoka."

Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijakosa la kumjibu mtu, nikanyamaza. Asidhani mtu kwamba alinishinda. Ila na mimi mabega yalikuwa yananiuma, na sikuwa nimebeba kitu chochote tangu juzi.

Tukaingia zizini, nikamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha nikamvuta, nikamkumbatia shingo. Jirani akachuchumaa, akaanza. Hapakuwa na shahidi, wala pombe, wala makofi, ni sauti tu ya maziwa yakigonga ndani ya kibuyu. Ndama alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, ananisukuma huku na huku kwenye tope.

"Mshike vizuri," jirani akasema bila kugeuka.

Nikamshika.