Taya la Babu wa Watu Wote

Wataalamu walipofukua taya la kale kusini mwa Lodwar, redio ilitutangazia kwamba chimbuko la binadamu wote ni kwetu. Wazungu, Wachina, hata makarani waliohamishiwa Lodwar kutoka Kenya, kama sisi tunavyoiita nchi ya kusini, na kulia kana kwamba wametupwa jehanamu: wote Waturkana! Mkubwa wangu ofisini, ambaye hakuwahi kula nyama yetu bila kuinusa kwanza, alianza kuniita ndugu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nampeleka mama Eldoret. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto, daktari alisema, lisipopasuliwa upesi nalo litazima.

Kabla ya Kitale polisi walisimamisha basi, wakataka vitambulisho. Mama hakuwa nacho. Ofisi ya Lodwar ilikuwa bado inamdai alete watu waliomwona akizaliwa, na wote walikuwa wameshazikwa.

"Fungua mdomo, mama," polisi mmoja akasema.

Akafungua. Chini, mbele, palikuwa na pengo la meno mawili yaliyong'olewa utotoni, kama desturi yetu ilivyotaka.

"Huyu ni wa Sudan. Ametoroka kambi ya Kakuma. Hao ndio hung'oa meno."

"Afande, hata sisi Waturkana tunang'oa."

"Mbona wewe unayo?"

Ninayo kwa sababu shule ya misheni ilinifundisha kuionea haya desturi ile. Kwa hiyo mimi nilikuwa Mkenya, na aliyenizaa alikuwa mkimbizi. Huo nao ulikuwa ugunduzi mkubwa, tena umefanyika kando ya barabara bila maabara wala koleo. Nilimchukia yule polisi, na bado namchukia.

Tukateremshwa. Tulirudi Lodwar juu ya lori tupu lililokuwa likienda Kalokol kuchukua samaki. Kitambulisho kilipopatikana, jicho la kushoto halikuwa na haja nacho tena.

Siku moja nikawa namsomea mama gazeti, nikakuta picha ya lile taya. Akaniuliza linafananaje. Nikamwambia ni kipande cheusi tu, na kwamba limeshapelekwa Nairobi.

"Meno ya mbele, ya chini, yapo?"

"Yapo."

"Ndiyo maana polisi walimpisha," akasema, akanyoosha mkono kukipapasa kikombe chake cha chai.