Sala Iliyofunga Mkutano wa Tume ya Mishahara

Mkicheka chekeni, nimezoea, maana hata sasa nikipita pale Makongeni kuna mtu lazima anipigie kelele "Ameeen!" na mimi najua anamaanisha nini, na inaniuma, tena inaniuma kwa hasira kuliko aibu.

Serikali ilitaka kuunda tume ya kupanga mishahara ya wafanyakazi wake, na kabla ya kuiunda ikasema itasikiza vyama vya wafanyakazi. Sisi wa ofisi za hapa Thika (madereva, wasafishaji, makarani kama mimi) tuna kachama ketu, na wenzangu wakanituma mkutanoni Ruiru, kwa hoteli, nikaseme jambo moja tu: hiyo tume iwe na kiti cha mtu wa ngazi ya chini, si wakubwa peke yao kutupangia. Baba Kim, dereva wetu, alinisindikiza mpaka steji ya matatu akirudia, "Mama Wanja, kiti. Usisahau kiti."

Nisahau kiti? Mimi?

Asubuhi nzima wakubwa wakaongea. Mwenyekiti, bwana mmoja wa suti ya kijivu, akaisifu tume, akawasifu walioisifu, na sisi wa vyama tumewekwa nyuma kabisa, kimya. Nikainua mkono. Aliniona, haki aliniona! Akatabasamu. "Naona mama pale nyuma. Saa zimeenda, mama, na chakula kiko tayari. Hebu tufungie kwa sala."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema hapana, nina maoni. Lakini wewe niambie, nani hukataa kuomba mbele ya watu, tena mtu kama mimi, ninayeongoza akina mama kanisani? Nikajiambia (ona ujanja wangu) maoni nitayaweka ndani ya sala, Mungu na mwenyekiti wayasikie pamoja. Nikapewa maiki, nikafunga macho.

"Baba, tunakushukuru kwa tume hii. Tunaiweka mikononi mwako..." Nikavuta pumzi ili niingie kwa kiti, na yule mwenyekiti, shindwe kabisa, akanguruma, "Amen!"

Ukumbi wote ukaitika, "Amen!"

Mimi nikadhani ni ile ya kuitikia katikati, kama kwetu kanisani, kwa hivyo nikaendelea, tena kwa nguvu: "Na Bwana, unajua hawa wakubwa wana viti vya kutosha, sasa mguse huyu mwenyekiti atupatie sisi kimoja..." Nikasikia mtu akicheka. Nikasikia vijiko. Kufungua macho, Ngai fafa! Watu wote wako kwa laini ya pilau, wamenigeukia na sahani mkononi, na maiki bado inapeleka sauti yangu mpaka barabarani.

Nikamkimbilia mwenyekiti pale kwa chapati. "Bwana mwenyekiti, mimi sikuwa nimeongea."

"Sasa mama, mkutano umeshafungwa kwa sala, tutaufungua tena aje? Na umetubariki vizuri sana."

Kabla nifike Thika, picha yangu nimefumba macho ilikuwa imeingia kwa grupu yetu ya simu, na chini yake maneno kwamba vyama vya wafanyakazi vimeibariki tume. Baba Kim hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Kwani tulikutuma kuomba?"

Majina ya tume yalipotoka yalikuwa ya wakubwa, yote. Tukalalamika, tukajibiwa kwamba tulisikizwa, na kwamba mwakilishi wetu ndiye aliyefunga mkutano. Mimi! Huo ni ukora, sitauita jina lingine. Naomba nyumbani, naomba kanisani, nikiitwa kwa mgonjwa naenda nikaombe, lakini mtu akinisimamisha tena kwa mkutano wa serikali nifunge kwa sala kabla sijaongea, nitamwambia aombe yeye, mimi nimetumwa kuongea, na nitasimama hapo hapo niongee mpaka chakula chao kipoe.