Baba Yangu Aliitwa Fisi

Baba yangu aliitwa fisi, na aliyempa jina hilo ni rafiki yake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu sitaki mtu anionee huruma kabla hajajua ilivyokuwa.

Baba alikuwa Mnyamwezi. Alifika pwani na mizigo ya vita vya kwanza kichwani, na vita vilipokwisha akabaki Kariakoo, akawa hamali wa sokoni. Mama alikufa mimi sijaota meno, tukabaki wawili katika chumba kimoja cha kupanga. Rafiki yake alikuwa kinyozi, Mzaramo, aliyeweka kigoda chake kwenye baraza ya nyumba yetu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara. Mtani hukutukana, hukupokonya kofia, hukuzulia mambo mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukianza kujitetea, umeuvunja utani, na hiyo ni aibu yako wala si yake.

Sasa baba alikuwa na nywele nyingi mwilini, zimeshuka kutoka kisogoni mpaka mabegani na mgongoni. Kila Ijumaa asubuhi akikaa kunyolewa, kinyozi alipaza sauti mtaa mzima usikie. "Jamani njooni mwone! Hizi si nywele za mwana wa Adamu. Huyu usiku anageuka fisi, mchana anatubebea magunia!" Baba alikuwa na mguu mmoja mbovu tangu vitani, basi kinyozi alisimama akachechemea vilevile, makalio chini, na baba akacheka kicheko chake kirefu cha puani. "Mwulizeni mtani wangu," alisema. "Yeye ndiye anayenijua."

Wenyeji walicheka. Lakini Kariakoo ilikuwa ikijaa wageni kila mwezi, watu wa bara za mbali na wa visiwani, wasiojua nani mtani wa nani. Wao walimwona mtu anaambiwa ni fisi naye hakatai. Kwa akili yao, hajakana, kwa hiyo amekiri. Na kule bonde la Jangwani fisi wa kweli walikuwepo miaka ile, tuliwasikia. Mbuzi wa jirani alipopotea, mwenye mbuzi hakwenda bondeni kutafuta. Alikuja akasimama mlangoni kwetu, akanusa.

Ningependa kusema mimi sikuamini. Ningekuwa mwongo. Siku moja ya masika baba alirudi alfajiri, magoti yamejaa tope, viganja vimejaa tope. Nikamsalimu, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba," halafu akasema ameteleza bondeni. Mtu akiteleza huanguka upande mmoja. Nilizifua nguo zile mwenyewe na sikuuliza, nami nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu. Tena alipenda mifupa, aliivunja kwa meno na kunyonya uboho huku akinitazama kwa mapenzi. Basi nilimpenda na nilimwogopa, na nilikuwa sijui kipi kimeanza.

Alikufa kwa homa ya siku tatu, mimi nina miaka kumi na miwili hivi. Alikata roho asubuhi. Mpaka adhuhuri mwosha maiti wa mtaa alikuwa hajatokea. Akatumiwa mtu, likaja jibu kwamba naye anaumwa. Akaitwa mwingine, akasema kiuno kinamwuma. Wanaume walijaa barazani, kila mmoja anatazama miguu yake, na nilijua wanaogopa nini. Waliogopa watakachokikuta chini ya shuka. Alasiri inakaribia, na baba yangu amelala bila kuoshwa kama mzoga. Nikapiga kelele kwamba nitamwosha mimi. Wanawake wakanishika mikono, wakaniambia mtoto hasemi hivyo. Niliwachukia wote.

Ndipo kinyozi akaingia uani. Alikuwa amekwenda kwao Kisarawe, habari ilimkuta njiani. Alifanya kama anavyotakiwa mtani kufanya msibani. Alivaa koti la baba la vitani, akashuka kwa mikono na magoti, akatambaa katikati ya wanawake akinusa vyungu na kucheka kile kicheko cha puani. "Leteni mfupa! Fisi wetu haziki mtu, anamla!" Siku nyingine wangevunjika mbavu. Siku ile walikusanya watoto wao wakarudi nyuma mpaka ukutani. Kinyozi aliwatazama, akiwa bado chini. Nadhani ndipo alipofahamu alichokifanya kwa miaka yote ile.

Alisimama. Akavua koti, akakunja mikono ya kanzu, akaomba maji na sabuni. Akauliza nani atammiminia maji, hapakuwa na mtu. Akaingia peke yake, pazia likashuka.

Alikaa ndani muda mrefu kuliko inavyostahili. Tulisikia maji, kisha hatukusikia kitu, kisha maji tena. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Ndugu yenu ni safi," alisema. "Njooni tumbebe." Wanaume walisongamana kuingia, waliokuwa wanaumwa na wenye viuno, na baba akazikwa kabla ya magharibi, kama Mwislamu yeyote.

Hilo lingenitosha, kama kinyozi asingeacha utani. Nilirithi utani wa baba, ilikuwa haki yangu. Nilikwenda barazani nikampokonya kigoda, nikamwita Mzaramo mvivu, mla nazi za kuokota. Alinijibu, "Hujambo, mwanangu?" kwa upole, akasimama mpaka nikachoka. Hakuniita mtoto wa fisi tena hata mara moja. Kama hakuona kitu chini ya shuka, kwa nini aliacha? Na kama aliona, kwa nini alisema safi? Pengine ilikuwa majuto tu. Pengine. Nilimwuliza ana kwa ana, akanyoa kichwa cha mteja mpaka mwisho bila kuinua macho.

Niliolewa na mtu asiyejali maneno ya watu. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilimgeuza nikamtazama mgongoni, ana vinyweleo laini kama mtoto yeyote. Mkunga alicheka. Kila nikimwogesha nilitazama tena.

Kinyozi alikufa miaka michache kabla ya vita vya pili. Watani tukaitwa, nami nikaenda. Nilivaa aproni yake, nikamnyoa kila mwanamke kwa mgongo wa kijiko, watu wakacheka, walikuwa wananingoja. Jeneza lilipotolewa ukumbini nililizuia mlangoni, nikaligonga kwa kiganja. "We Mzaramo, amka! Ulimwosha baba yangu. Uliona nini?"

Kicheko kililipuka ua mzima. Mama mmoja alikaa chini akijifuta machozi. "Huyu Mnyamwezi ana vituko!"

Niligonga tena kwa ngumi, nikauliza tena. Wakacheka zaidi. Wabebaji wakaniomba njia kwa utani, mmoja akanivuta kando kwa kiwiko, wakapita. Niliwafuata mpaka njiani, pale wanawake tunapokoma, nikimwuliza.